Kimebaki Vifungo Tu

Fundi cherehani akikwambia "kimebaki vifungo tu", jua kitambaa chako hakijakatwa. Nasema hivi nikiwa fundi mwenyewe, mwaka wa 19 sasa, kwenye fremu ile ile ya Kimara yenye mlango wa bluu. Lugha yetu ina ngazi zake. "Kimebaki vifungo" maana yake kitambaa bado kimo kwenye mfuko uliokuja nao, na fundi hakumbuki vizuri ni mfuko upi. "Kimebaki pasi" maana yake kimekatwa, ila mikono haijaungwa. "Njoo jioni" ni kesho. "Njoo kesho", hapo Mungu ndiye ajuaye. Na "umeme ulikatika" ni dawa ya magonjwa yote, hata kwa sisi tunaotumia cherehani za miguu.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na kwa miaka mingi sikuona kwamba huo ni uongo. Uongo niliojua mimi ni wa mahakamani, wa vyeti vya kughushi, wa mume anayesema ana safari ya kikazi Morogoro. Haya ya kwangu niliyaona lugha ya kazi tu. Mteja anajua, fundi anajua, tunacheka, maisha yanaendelea. Ndivyo nilivyojiambia mpaka nilipokutana na mama mmoja ambaye hapa nitamwita Mama Kipaimara.

Ilikuwa Novemba, na wanaoujua usharika wa Kilutheri wanajua mwisho wa mwaka ni msimu gani kwa fundi. Watoto wa kipaimara wanataka magauni meupe, mama zao wanataka vitenge vya kuwasindikizia, kwaya inataka sare za Krismasi. Mwaka huo nilipokea vitambaa 31. Magauni kama yale, yenye lesi juu na bitana ndani, mimi na binti anayenisaidia tukijikaza tunatoa 14 kwa mwezi. Hesabu hiyo niliijua kama ninavyojua namba yangu ya simu. Nikapokea vyote.

Kwa nini nilipokea? Tamaa ya pesa ilikuwepo, siwezi kuikana. Lakini si yote. Mtu anasimama mlangoni, kitambaa kakikumbatia kifuani, kamshika mtoto mkono, na mtoto anakutazama kana kwamba wewe ndiye utakayemsimamisha mbele za Mungu. Hapo neno "siwezi" linakwama kooni. Unaliona ni neno la kikatili, neno la mtu asiyefunzwa kwao. Nikasema, "Lete." Nikampima mtoto, nikaandika kwenye daftari, mama akatanguliza nusu. "Lini, fundi?" Jumatano kabla ya ibada, nikamwambia. Nilisema kwa uso mkunjufu kabisa.

Jumatano akaja. Nikamwambia kimebaki vifungo. Gauni lile halikuwa na kifungo hata kimoja. Mshono alioutaka ulikuwa na zipu mgongoni. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, fundi," akaondoka. Ijumaa akaja tena, na umeme ukawa umekatika. Jumamosi saa tatu usiku ndipo nilipotoa kitambaa kwenye mfuko nikakitandaza mezani.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi alifika kwa boda, yeye na mtoto, mtoto kajifunga kanga. Gauni lilikuwa na kila kitu isipokuwa pindo. Tukalikunja pale pale, tukalibana kwa pini. Pini 11, nilizihesabu kwa sababu sikutaka kumwangalia mama yake usoni. Akafungua pochi, akanihesabia 15,000 iliyobaki, noti moja moja, akasema, "Asante fundi, Mungu akubariki." Heri angenitukana.

Saa nne nilikuwa nimesimama na kwaya. Watoto wakawa wanakwenda mbele kwa zamu, wanapiga magoti, mchungaji anawawekea mikono. Zamu yake ilipofika nilimwona akipiga goti, halafu nikamwona akiuma mdomo. Aliposimama, kwenye soksi nyeupe ya mguu wa kushoto kulikuwa na doa jekundu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nadhani hakuna mwingine aliyeliona. Kwaya iliendelea na ubeti wa tatu. Sauti ya pili ilipungukiwa mtu mmoja.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha chai. Nilipomaliza maelezo yangu marefu, akasema kwa upole kabisa: "Dada fundi, mimi gauni halikuniuma. Ungeniambia tu kwamba huwezi. Binti wa dada yangu kule Mbezi alipata kipaimara mwaka juzi, gauni lake lingemwenea huyu bila hata kupunguzwa. Siku zote hizo lilikuwa linaning'inia kabatini."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Mimi nilidhani kosa langu ni kuchelewa. Kumbe kuchelewa lilikuwa jambo dogo. Nilimfungia njia ya kwenda Mbezi. Siku kumi nzima yule mama alikuwa na msaada umbali wa nauli ya daladala moja, akaacha kuutafuta kwa sababu mimi nilimpa neno langu alishike mkononi, na mkononi hamkuwa na kitu.

Kuna mfano wa Yesu ambao watu hawauhubiri sana, wa baba na wanawe wawili, Mathayo 21. Baba anamwambia wa kwanza, mwanangu, leo nenda kafanye kazi shambani kwenye mizabibu. Kijana anakataa, halafu baadaye anajuta, anakwenda. Wa pili anaambiwa vivyo hivyo, naye anajibu, "Naenda, Bwana." Asiende. Kisha Yesu anauliza ni yupi kati ya hao aliyefanya mapenzi ya baba yake, na swali linaonekana rahisi mno hata mtoto wa Sunday School anajibu.

Kwetu si rahisi. Hebu lichukue lile jibu la kwanza, "Sitaki," ulipeleke kwenye nyumba yoyote unayoijua. Mtoto anamwambia baba yake "Sitaki" usoni! Majirani wataitwa. Na yule wa pili, jamani, ndiye mtoto aliyelelewa. Anaitikia haraka, anaweka na "Bwana" mwishoni. Huyo ndiye sisi. Huyo ndiye mtu anayesema "niko njiani, nimekwama foleni hapa Ubungo" huku amejifunga taulo. Hana nia mbaya hata kidogo. Anataka usikasirike, basi. Na hasira yako anaiahirisha tu, ije na riba. Ahadi ni deni, tunasema, na sote tunajua Waswahili tunavyolipa madeni.

Ndiyo maana naona ule mstari maarufu wa Mathayo 5:37 huwa tunausoma nusu. "Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Mahubiri yote niliyowahi kusikia juu yake yanahusu Ndiyo: timiza ulichoahidi, lipa ulichokopa, mwambie bosi ukweli. Lakini ukiuhesabu, nusu nzima ya sentensi ni Siyo. Bwana angeweza kuishia kwenye ndiyo. Nani ametufundisha kusema siyo? Mimi sikufundishwa nyumbani wala kanisani. Nilifundishwa kuzunguka: "tutaona", "nitajitahidi", "Bwana akipenda". Hilo la mwisho linaniuma zaidi, kwa sababu limo kwenye waraka wa Yakobo kama unyenyekevu wa kweli wa mtu asiyejua kesho itazaa nini, nasi tumeligeuza shuka la kufunikia jibu ambalo tayari tunalijua. Ukimwalika mtu kwenye harusi akakujibu "Bwana akipenda", punguza sahani moja.

Mstari huo, kwa kweli, unaanzia kwenye viapo. Yesu anakataza kuapa kabisa, kwa mbingu, kwa nchi, hata kwa kichwa chako. Wakristo wa Dar es Salaam tunaapa kutwa nzima: haki ya Mungu, haki ya nani, Mungu mmoja, na wengi wetu na wallahi juu, tumeazima kwa jirani. Ukitafakari utaona kiapo kinasema nini. Mtu akikwambia "haki ya Mungu, hii ni kweli", amekwambia pia kwamba yale mengine ya asubuhi hayakuwa na uhakika huo.

Wapo Wakristo waliolichukua neno hili lilivyo. Uingereza, karne ya 17, wafuasi wa George Fox, wanaojiita Marafiki, walikataa kuapa hata mbele ya hakimu, na wengi walifungwa kwa sababu hiyo tu, mpaka karibu na mwisho wa karne sheria ilipowaruhusu kuthibitisha maneno yao bila kiapo. Kwao mtu hawezi kuwa na kweli mbili, moja ya mahakamani na moja ya sokoni. Na sokoni napo walikwenda na msimamo huo huo. Wenye maduka walikataa kupatana bei. Waliona kutaja shilingi kumi huku moyoni umekubali saba ni uongo, kwa hiyo walitaja bei moja, ukitaka nunua, hutaki acha. Mwanzoni wateja waliwakimbia. Baadaye wakarudi, kwa sababu hata ukimtuma mtoto, atauziwa kwa bei ile ile ambayo ungeuziwa wewe. Marafiki hao wako hapa kwetu pia: misheni yao ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ilianza mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Mimi kwenye bei siwafuati, niseme wazi. Nikienda Kariakoo kununua lesi na muuzaji akaniambia mita ni 12,000, yeye anajua si 12,000 na mimi najua si 12,000. Hiyo ni ngoma ya watu wawili wanaojua hatua. Aliyedanganywa pale ni nani? Lakini hoja yao ya mtoto inanikaa kichwani. Yule binti wa kipaimara hakuijua ngoma ya mafundi. Yeye aliposikia "Jumatano" alielewa Jumatano.

Aliyenifundisha zaidi juu ya jambo hili hakuwa Mwingereza. Ni babu yangu mzaa baba, Mhaya, mlokole wa zamani.

Neno hilo walokole lilitoka Uganda, maana yake waliookoka. Miaka ya 1930 kwenye hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, na kule Uganda, watu kama daktari Mwingereza Joe Church na Waganda wawili ndugu, Simeoni Nsibambi na Blasio Kigozi, walianza kuwaambia Wakristo wenzao kwamba kanisa limelala. Uamsho huo ukasambaa, na kufikia mwishoni mwa miaka hiyo ulikuwa umevuka mpaka na kuingia Karagwe na Bukoba. Watu wengi wanaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza. Wazee wa kwetu wanaukumbuka kwa jambo jingine: watu walirudisha vitu. Jembe lililoazimwa likasahaulika, fedha ya mwajiri, kuku. Mtu akishatubu mbele ya ndugu, swali lililofuata lilikuwa, na kile ulichochukua kiko wapi? Kama Zakayo: aliposhuka mtini aliongelea mali na marejesho, mara nne, kwa hesabu.

Babu alikuwa karani wa mizani wa mnunuzi mmoja wa kahawa. Gunia likining'inizwa kwenye ndoana yeye aliliinua kidogo kwa goti, ratili mbili tatu zikapotea hewani, na jioni zikawa zake. Alipookoka aliuza ng'ombe, akanunua daftari, akaandika majina yote aliyoyakumbuka, akaanza kutembea mji kwa mji. Wengine walimkumbatia. Wengine hawakuwa na habari kwamba waliibiwa, wakamjua mwizi siku ile ile anayolipa. Mnunuzi alipopata habari alimfukuza kazi. Lakini hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya mzee mmoja aliyemsikiliza mpaka mwisho, akaangalia zile senti kiganjani, akamwambia, "Mwanangu, ngoja. Na mimi nilikuwa natia mawe kwenye gunia." Wakakaa chini ya mgomba wakijaribu kupiga hesabu nani anamdai nani. Babu alikuwa akifika hapo anacheka mpaka machozi yanamtoka, na hakuwahi kutuambia hesabu iliishaje.

Tulipokuwa watoto tulimwona mchoyo wa ndiyo. Ukimwomba kitu, hata peni, jibu lake lilikuwa "niache nilale nayo". Kesho asubuhi anakuita: ndiyo, au hapana, na sababu. Akishasema ndiyo unaweza kwenda kulala. Ilikuwa kama kitu kiko mfukoni. Nimekuja kumwelewa ukubwani. Mtu ambaye neno lake lilimgharimu ng'ombe na kazi hawezi kulitoa tena kama karanga.

Na Siyo ya watu wale haikuwa ya peni peke yake. Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Walisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao serikali ilipowataka wachukue bunduki ili wajilinde, wakakataa nazo. Ukoloni wenyewe ulikuwa dhuluma, na waliokula kile kiapo walikuwa na kilio cha haki cha ardhi yao, hilo silipingi. Nawataja kwa sababu walisema siyo huku na siyo huku, hadharani, wakijua watu wanauawa kwa hilo, na wapo waliouawa. Nami nilishindwa kumwambia mama mmoja kwamba nina vitambaa vingi.

Sasa nije kanisani kwetu, kwa sababu hapa ndipo ninapokasirika.

Kanisa linalotuhubiria "Ndiyo, ndiyo" saa nne asubuhi, saa sita linatusimamisha kwenye harambee. Mgeni rasmi amefika, mshereheshaji ana kipaza sauti na maneno matamu. "Nani ameguswa na laki tano? Simama tukuone! Laki tatu?" Pembeni yako amesimama mwenzako wa kwaya, nyuma yako amesimama jirani ambaye mnauza naye mtaa mmoja, na wewe unajikuta umesimama. Miguu imeahidi, kichwa kimeketi. Jina linaandikwa, watu wanapiga makofi, na tunaita kitu kile imani. Mhubiri 5 anasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na mstari unaofuata anaonya usije ukasema mbele ya malaika kwamba "ulipitiwa". Nilipolisoma neno hilo kwenye Biblia ya Union Version nilicheka peke yangu kwenye fremu. Nilipitiwa! Ndiyo hasa tunayomjibu mhazini.

Kamati za harusi ni vivyo hivyo. Kwenye kundi la simu orodha inashuka, majina 80, kila jina na kiasi chake, na mbele ya nusu yao neno "ahadi". Wiki ya mwisho mwenyekiti anabembeleza, ukumbi unadai, bwana harusi anakopa. Hakuna aliyekusudia kumwumiza bwana harusi. Kila mmoja aliogopa tu kuandika 20,000 chini ya mtu aliyeandika 100,000.

Mimi nilisimama kwenye laki tatu. Ujenzi wa darasa la watoto. Miezi saba ikapita sijatoa hata elfu kumi, na Jumapili mbili nikawa natoka kwa mlango wa nyuma kabla ya matangazo. Baadaye nikajikaza, nikamwendea mhazini ofisini. Nilikuwa nimepanga kumwambia ahadi ile ilikuwa kubwa kuliko mimi, anipunguzie iwe 80,000, tumalizane. Naona ingekuwa kweli, na kweli si ndiyo niliyokuwa naitafuta? Ila njiani Zaburi ya 15 ikanisumbua. Inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na kati ya majibu yake kuna mtu huyu: ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake. Kwa hasara yake. Babu alikuwa na ng'ombe. Mimi nina cherehani mbili.

Basi nilipokaa nikasema: "Mzee, ile laki tatu nitalipa yote. Lakini siwezi mwaka huu. Nitaleta 25,000 kila mwezi, miezi 12, nikianza leo." Nikaweka 25,000 mezani.

Mhazini wetu ni mzee mwema, mwalimu mstaafu, mwandiko wake umelala wote upande mmoja. Akafungua daftari. Safu zilikuwa nne: jina, ahadi, iliyolipwa, baki. Akashika kalamu, akazitazama zote nne, akanitazama mimi. "Siku zote wanasema mwisho wa mwezi," akasema. "Hili la siwezi sina pa kuliandika." Mwisho akachukua penseli, akaandika pembeni kabisa, nje ya mstari mwekundu.

Kwenye fremu nako nilipachika karatasi ukutani yenye idadi ya kazi nilizopokea za mwezi, na ikifika 14 nasema siwezi. Sitadai kwamba biashara imenenepa. Mwanamke mmoja aliniambia nina maringo. Wengine wanavuka barabara kwenda kwa fundi wa ng'ambo, ambaye anawaambia Ijumaa, na nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu nawaona Ijumaa wanavyokuja, na Jumamosi, na Jumatatu. Ninajitahidi nisifurahi. Mama Kipaimara anashona kwangu bado. Akileta kitambaa haulizi tena lini, anaiangalia ile karatasi kwanza.

Mwezi uliopita harambee imekuja tena, safari hii ni ya bati. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi mitatu ya deni langu. Mshereheshaji alishuka hadi kwenye viti vya kwaya, akaninyooshea kipaza sauti mdomoni. "Dada fundi wetu! Tukuandike ngapi?"

"Usiniandike," nikasema, na sauti ikatoka kwenye spika zote nne. "Bado nalipa ya mwaka jana."

Nyuma kabisa, upande wa akina mama, mtu mmoja alicheka. Mshereheshaji akakohoa, akahamia kwa sauti ya tatu.